Zege la chapa au pevingi: ardhi ya kiwanja chako inasemaje?

Wazee wangu, akina mama, vijana, na mafundi wenzangu mliojipanga pale mlangoni, habari za asubuhi. Nashukuru mmekuja. Jumamosi ya Moshi ina shughuli zake, na najua wengine mna harusi mchana, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Kila mwaka ikifika Septemba napigiwa simu za aina moja. Kijana yuko Dar es Salaam au Mwanza, ananiambia: "Fundi, Desemba tunapanda nyumbani. Nataka pale uani kwa mama pawe pazuri, tukae nje na wageni." Halafu ananitumia picha. Mara nyingi ni zege la chapa, lile linalomwagwa likiwa bichi, likapakwa rangi na kugandamizwa mikeka ya mpira mpaka linafanana na mawe ya kuchonga au mbao. Linavutia kweli. Mke wake naye ameona pevingi, vile vipande vya zege vya kupanga chini, kwa rafiki yake Njiro, Arusha, anataka zile. Basi naulizwa mimi niamue: ipi bora?

Mimi huwa namjibu kwa swali. Udongo wa pale kwa mama ukoje, na bomba la choo linapita wapi? Hapo simu hunyamaza kidogo.

Hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo. Tunachagua sakafu ya nje kwa macho, wakati sakafu inabebwa na vitu visivyoonekana. Nimeona fedha za familia, fedha zilizochangwa na watoto wanne au watano, zikipasuka katikati kabla ya masika ya pili. Inaniuma, kwa sababu haikuwa lazima.

Tuanze na tofauti yenyewe. Zege la chapa ni kipande kimoja kigumu. Ardhi ikishuka upande mmoja, kipande hakiwezi kupinda, kinapasuka. Na hata ardhi isiposhuka, zege lolote hunywea linapokauka, na likinywea hujitafutia pa kupasukia. Fundi anayejua kazi hulitangulia. Analikata mistari ili lipasuke ndani ya mstari, mahali ambapo jicho halioni. Sakafu ya unene wa sentimita 10 inataka mstari kila baada ya mita 2.5 hadi 3, na mkato uingie robo ya unene, yaani sentimita 2.5, siku ileile au kesho yake mapema. Wateja wengi hunikatalia mistari hiyo. Wanasema inaharibu ua. Jamani, msikatae. Usipochora wewe mstari, zege litajichorea, na litachora pale pasipokupendeza.

Pevingi ni kinyume chake. Ni vipande vidogo vilivyolala juu ya mchanga, vikishikana kwa mchanga mwembamba ulio katikati yao. Ardhi ikicheza kidogo, navyo vinacheza kidogo. Uholanzi ndiko vilikoshika kasi baada ya Vita Kuu ya Pili, matofali ya kuchoma yalipokuwa haba, na nchi ile ina ardhi laini iliyojaa maji. Watu wenye ardhi inayoshuka walihitaji barabara wanayoweza kuifungua na kuirudishia.

Sasa turudi kwetu. Kule juu mlimani, Kibosho, Machame, Marangu, tuna udongo wa mlima mwekundu-kahawia, unaopitisha maji vizuri. Ukiondoa tabaka la juu lenye mizizi na samadi, ukashindilia vizuri, zege linakaa. Shida ya huko ni mteremko, na udongo wa kujaza. Mtu anachonga kilima, anasukuma udongo mbele apate tambarare, kisha anamwaga zege juu ya ule wa kusukumwa. Nusu ya sakafu imekaa juu ya mlima, nusu imekaa juu ya kifusi cha mwezi jana. Mnajua itapasukia wapi.

Ukishuka mjini na kuelekea tambarare, Mabogini hadi Kahe, kuna viwanja vya udongo mweusi wa mfinyanzi. Huo mnaufahamu nyote: kiangazi unapasuka mpaka kiganja kinaingia, masika unavimba na kung'ang'ania gamboti. Udongo unaovimba na kunywea kila mwaka haufai kubeba kipande kimoja kigumu, labda uutoe wote na kujaza moramu, ule udongo wa changarawe, na hiyo ni gharama nyingine kabisa. Mwenye kiwanja cha namna hiyo namwambia bila kuzunguka: weka pevingi, na hata hizo uziwekee moramu ya kutosha chini.

Mama pale nyuma anauliza ya kutosha ni kiasi gani. Swali zuri, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoibiwa.

Chukua uwanja wa mita 5 kwa 4, mita za mraba 20. Wa kukaa tu, gari halifiki. Moramu au kokoto mchanganyiko sentimita 15, iliyoshindiliwa kwa mashine kwa tabaka mbili, ikimwagiwa maji kidogo. Hiyo ni mita 3 za ujazo ikiwa imekwishashindiliwa, kwa hiyo agiza kama 4, maana itashuka. Juu yake mchanga sentimita 3, ambao haushindiliwi, unasawazishwa kwa ubao tu. Halafu pevingi. Zile za mstatili, sentimita 20 kwa 10, zinaingia 50 katika mita moja ya mraba, kwa hiyo 1,000, na ongeza 50 mpaka 100 za kukatwa na kuvunjika. Unene wa sentimita 6 unatosha kwa watu na gari dogo. Lori la mchanga likipita, chukua za 8. Pembeni kote weka mawe ya ukingo yaliyoshikwa kwa zege. Fundi akikuambia ukingo si lazima, mlipe nauli aende zake. Bila ukingo pevingi hutembea, zinaachiana, mchanga unatoka, na mwaka wa pili unakanyaga kitu kinachobonyea.

Ujanja wa kuiba uko kwenye hizo sentimita 15. Hakuna anayeziona. Mteja yuko Dar, anatumiwa picha ya pevingi zikiwa zimepangwa na kufagiwa, zinang'aa, anatuma fedha iliyobaki. Chini kuna sentimita 4 za moramu iliyokanyagwa kwa miguu. Nawaomba, kama huwezi kusimama kazini siku moja tu, iwe siku ya moramu. Siku ya pevingi hata usipokuja.

Na pevingi zenyewe zikague. Chukua mbili uzigonganishe: iliyoiva hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa sauti ya kufa. Omba kuvunja moja, utazame ndani kama kokoto zimeshikwa pande zote au kuna matundu. Na uliza zilifyatuliwa lini. Zege linahesabiwa nguvu zake baada ya siku 28, na siku za mwanzo lazima linyweshwe maji. Kwenye viwanda vya barabarani, kuanzia Novemba, pevingi huuzwa zikiwa na siku tano, kwa sababu kila mtu anataka kumaliza kabla ya Krismasi. Zinabebwa zikiwa bado na unyevu, na kona zinamomonyoka mikononi mwa saidia fundi. Jambo jingine: zile za kumwaga kwenye moldi za plastiki hutoka na uso laini unaong'aa kama sahani. Watu wanazipenda dukani. Zikilowa zinateleza. Kwa nyumba yenye bibi au babu, mimi sizifungi.

Nirudi kwenye zege la chapa, maana sitaki mseme nalichukia. Likifanywa vizuri kwenye ardhi imara, ni zuri kuliko chochote nilichotaja. Halioti magugu, sisimizi hawatoi mchanga, miguu ya viti haizami, na bakora ya mzee haikwami kwenye ungio. Lakini linataka kikosi, na linataka saa.

Kosa langu kubwa nililifanya Rau, hapa Moshi. Ilikuwa mwezi wa pili, mnajua joto la Moshi mwezi wa pili. Mashine ya kuchanganyia ilichelewa, na badala ya kuanza saa 12 asubuhi tukaanza saa 4. Tulikuwa na mikeka minne tu. Kona ya kwanza ilikwenda vizuri: unabonyeza kidole, kinaacha shimo la nusu sentimita na hakitoki na uji, hapo ndipo zege liko tayari. Unamwaga unga wa kuzuia mkeka usigande, unalaza mkeka, unapiga, unainua. Tulipofika katikati, kidole hakikuacha alama tena. Vijana wakapanda juu ya mkeka kwa miguu miwili, wakapiga kwa nguvu zote. Mkeka ukawa unadunda. Ukisimama mlango wa jikoni wa nyumba ile leo, kulia kuna mawe yenye mabonde ya kupitisha kidole, kushoto kuna michoro hafifu kama ya penseli. Mwenye nyumba hakunigombeza. Alinilipa yote. Tangu siku ile sianzi zege la chapa baada ya saa 2 asubuhi, na nikikuta jua limetutangulia, naahirisha.

Kwa hiyo ukiitaka kazi hii, usimuulize fundi bei kwanza. Muulize ana mikeka mingapi na watu wangapi, kisha akupeleke kwenye kazi yake iliyopitiwa na masika mawili. Kazi mpya zote ni nzuri. Muulize pia atalitunzaje wiki ya kwanza, maana magunia yenye maji, tuliyozoea kufunikia zege, huacha mabaka kwenye rangi. Na ujue ile dawa ya kung'arisha inayopakwa juu huchakaa kwa jua na kufagiwa, unarudia kila miaka miwili au mitatu, na ikilowa inateleza. Iwekewe mchanga laini ndani yake.

Sasa mambo ya kwetu, ambayo wenye picha za Marekani hawayajui. Uani kwetu kuna shughuli. Kipaimara, harusi, msiba. Yanawekwa mafiga matatu, kuni, sufuria la pilau la watu mia. Moto ukikaa moja kwa moja juu ya zege, unyevu uliomo ndani unageuka mvuke, na uso wa zege unabanduka vipande kwa mlio. Pevingi nazo zinaumia, ila unang'oa nane zilizoungua unaweka nane nyingine. Kwenye zege la chapa, lile duara jeusi lililobanduka litakaa hapo maisha yote, kwa sababu rangi ya kiraka haifanani na ya zamani hata ukirudi na unga uleule wa rangi. Ndizi zinamenywa hapo hapo, na utomvu wa ndizi mnajua doa lake. Na turubai likija, vijana watataka kupigilia vigingi. Tenga mahali pa moto nje ya sakafu, pabaki udongo. Nasema hivi kwa kila mteja, na nashukuru wanaonisikia.

Kisha mabomba. Nyumba moja hapa mjini, bomba la kwenda chemba liliziba mwaka wa pili, chini kabisa ya zege la chapa. Tulikata mkanda wa upana wa nusu mita kutoka ukutani hadi kwenye mtaro. Tukarudishia. Bibi mwenye nyumba aliutandikia mkeka wa ukindu ule mkanda, na kila nikipita kumsalimu naukuta mkeka uko palepale. Kwenye pevingi, kazi ileile nimeifanya kwa bisibisi mbili za kunyanyulia ya kwanza, zilizobaki zikafuata kwa mkono, na jioni familia ikala chakula juu yake.

Miti nayo. Mgrivilea ulio mita mbili kutoka sakafuni utanyanyua chochote utakachoweka. Jakaranda za Arusha hivyo hivyo. Swali ni kama utaweza kufungua, kuukata mzizi mmoja, na kufunga tena.

Kaka fundi anauliza: na asiye na fedha ya lolote kati ya haya mawili? Ahsante, nilikuwa nasahau. Mwaga zege la kawaida, 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, unene sentimita 10, na kabla halijakauka lipitishie ufagio mgumu liwe na mikwaruzo. Kwa uwanja ule wa mita za mraba 20 ni mita 2 za ujazo, mifuko kama 13 ya saruji. Halitelezi, halina rangi ya kuharibika, na likipasuka kwenye mstari hakuna atakayelia. Mimi kwa mama yangu Machame nimeweka hilo upande wa jikoni, na pevingi upande wa wageni.

Vyovyote utakavyochagua, maji yaondoke ukutani. Sentimita 1 hadi 2 za kushuka kwa kila mita moja, kuelekea kwenye bustani au mfereji. Wazee wetu walileta maji kwa mifongo, ile mifereji ya asili, kutoka msituni hadi mgombani, bila mashine yoyote, kwa kusoma mteremko. Inashangaza kuona mjukuu wao anamwaga sakafu inayorudisha maji sebuleni.

Nimepanga mita moja ya mraba ya kila aina pale nje, chini ya mti, na kuna ndoo mbili za maji. Twendeni. Vueni viatu, zimwagieni maji, mtembee juu yake wenyewe.