Chaki Kwanza, Seramiki Baadaye

Assalam aleikum. Mwenyekiti kanipa dakika ishirini, na najua kumi na tano nitazila kwa jambo moja: seramiki, ile dawa ya maji inayopakwa juu ya faiba ikakauka kuwa koti gumu la kuikinga. Kwa hiyo tuvumiliane.

Wenye boti za faiba, inueni mikono. Haya. Nani kati yenu mwezi huu amepitisha kiganja kikavu ubavuni mwa boti yake, kisha akakitazama? Mmoja tu? Na boti yenyewe ni ya shemeji yake!

Kisa hiki wengine mmeshakisikia. Nilikuwa jeti ya Mokowe, ikatia nanga boti imejaa watu wa harusi waendao Lamu. Bibi mmoja, buibui jipya jeusi, kaegemea ubavu wa kibanda akingoja mizigo yake. Alipogeuka, mgongo mzima mweupe kama aliyelalia unga. Mwenziwe naye vivyo hivyo. Nahodha akaapa kuwa ni vumbi la saruji. Saruji gani, baharini? Ile ilikuwa jelikoti yake mwenyewe, lile tabaka la juu la faiba, ambalo hata likiwa jipya ni kama nusu milimita tu. Miale ya urujuanimno ya jua huvunja resini, rangi ikakosa cha kuishika, ikatoka kama chaki. Kila abiria anayeegemea anashuka na kipande cha boti yako. Bibi alidai alipwe buibui lake, na haki ilikuwa upande wake.

Nahodha akanijia mbio: "Fundi, nasikia kuna seramiki, nipakie hata kesho." Nami, kwa ujana na njaa, nikapaka. Nikaosha kwa sabuni tu, nikapaka juu ya chaki. Iling'aa wiki tatu! Kisha ikaanza kutoka mabaka mabaka kama ngozi yenye choa. Koti la seramiki ni jembamba, mikroni moja au mbili hivi, yaani sehemu moja au mbili za elfu za milimita, tena linaonyesha kila kilicho chini yake. Hushika kile linachokikuta. Likikuta jelikoti safi, linashikana na jelikoti. Likikuta chaki, linashikana na chaki, na chaki haijashikana na kitu. Pesa nilirudisha. Nusu, msinitazame hivyo.

Kwa hiyo mkiulizia bei ya seramiki, ulizeni kwanza bei ya msasa. Boti iliyochakaa huanza na msasa wa maji, namba 800, 1000, 1500, halafu kompaundi, ile dawa nzito ya kusugulia, na mashine ya polishi mpaka uzione ndevu zako ubavuni. Kisha unafuta kwa spiriti, maana mafuta au nta ikibaki, koti halishiki. Hizo ni siku kadhaa za jasho. Kupaka kwenyewe ni asubuhi moja.

Namwona mzee pale nyuma anasema moyoni: babu zetu walipaka sifa, yale mafuta ya papa, na majahazi yakafika Maskati. Kweli, mzee wangu, lakini mbao hunywa. Faiba hainywi. Ukiipaka sifa utanuka wewe na boti yako, na nzi watasafiri bure. Basi nta? Nta sina ugomvi nayo, ila kwa jua letu hili ni miezi michache imekwisha. Seramiki iliyopakwa ipasavyo hupita mwaka.

Na hawa wauzaji wa "9H, ngumu kama almasi"! 9H ni kipimo cha penseli, jamani. Wanakwaruza koti kwa penseli! Kagonge jeti ya mawe uone penseli itakufaa nini.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi. Usipake juani: ubavu ukiwa wa moto, dawa hukauka kabla hujaifuta, na michirizi ile haitoki ila kwa mashine. Paka kivulini, asubuhi, kipande kwa kipande, kitambaa kimoja cha kufutia, kingine cha kumalizia, na siku hiyo boti isiguse maji. Kuosha ni maji matamu na sabuni laini, si ya unga, wala jiki. Boti inayolala majini, chini ya mstari wa maji seramiki hii si mahali pake. Huko ni rangi ya kuzuia magamba, na hapo nilikuwa na maneno mengi, lakini ndiyo yamekwenda hivyo.

Nje pale mchangani nimeweka boti. Omo, yaani mbele, nimeipiga msasa, polishi na seramiki. Tezi, huko nyuma, nimeiacha kama ilivyo. Wenye kanzu nyeupe egemeeni popote. Wenye mashati meusi, kaeni omo.