Salmon P. Chase: Jaji Aliyezihukumu Noti Zake Mwenyewe

Mabibi na mabwana,

Salmon P. Chase alizaliwa New Hampshire mwaka 1808, akaanza uwakili Cincinnati, mji wa Ohio unaotazamana na Kentucky, jimbo lililoruhusu utumwa wakati huo, ukitenganishwa nalo na mto tu.

Mwaka 1837 alimtetea Matilda, msichana aliyemtoroka bwana wake, ambaye ndiye aliyekuwa baba yake mzazi, walipokuwa wakipita Cincinnati safarini. Chase alidai kwamba utumwa hauna nguvu nje ya sheria ya jimbo linaloukubali, na kwa hiyo mtumwa aliyeletwa Ohio na bwana wake mwenyewe ni mtu huru. Mahakama ilimkatalia, Matilda akarudishwa utumwani. Kesi za namna hiyo alishindwa mara nyingi, lakini hoja yake ilienea hadi ikawa miongoni mwa nguzo za chama cha Republican.

Useneta na ugavana wake tuupite haraka, tufike mwaka 1861, Rais Lincoln alipomteua kuwa Waziri wa Fedha huku hazina ikielemewa na gharama za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mwaka uliofuata serikali ilitoa noti zisizoweza kubadilishwa kwa dhahabu, ambazo mdai alilazimika kuzipokea kama malipo halali ya deni. Chase alikubali shingo upande. Hata hivyo picha yake iliwekwa kwenye noti ya dola moja, jambo ambalo kwa mtu aliyeutamani urais kama yeye halikuwa hasara.

Desemba 1864 akawa Jaji Mkuu wa Marekani. Mwaka 1870, katika shauri la Hepburn dhidi ya Griswold, yeye mwenyewe aliandika hukumu iliyosema kwamba Katiba hairuhusu kumlazimisha mdai kupokea noti hizo kwa deni la kabla ya sheria ya 1862, akieleza kwamba ghasia za vita hazikuwapa watu nafasi ya kuyatafakari mamlaka ya serikali kwa utulivu. Wapo wanaomwita kigeugeu. Mimi naona aliyebadilika ni waziri aliyebanwa na vita, kwa maana wakili wa 1837 naye aliuliza swali hilohilo: sheria hii imepata wapi nguvu yake?

Mwaka 1871, baada ya majaji wawili wapya kuingia, Mahakama iliitengua hukumu hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4. Chase alibaki upande wa wachache, na hakubadili msimamo hadi alipofariki mwaka 1873.