Mgonjwa Amefikaje Hapo?

Wanangu, walimu wenzangu, waheshimiwa majaji, salamu tumeshapeana mlangoni, kwa hiyo niingie moja kwa moja kwenye ugomvi wangu. Wanaonijua wameshaanza kucheka.

Nimezipitia kazi zenu zote za mashindano haya ya ubunifu pale ukutani. Afya ya mwaka 2060: roboti linapasua moyo, vidonge vinaongea, hospitali inaelea juu ya Ziwa Victoria. Vipaji mnavyo, sibishi. Ila kuna mchoro mmoja karibu na dirisha, wodi ya vioo vitupu, kitanda kinajiinua chenyewe, mama mjamzito amelala anatabasamu. Nikamwuliza mchoraji, binti wa kidato cha tatu: huyu mama amefikaje hapo? Akautazama mchoro wake, akanitazama mimi. "Si yuko tu, Mwalimu?"

Yuko tu! Kila mwaka ni hivyo hivyo. Wataalamu wa uzazi wanahesabu ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Ukuta mzima umeshughulika na huo wa tatu.

Sasa chukueni m-mama, mfumo wa kuwasafirisha akina mama wajawazito kwa dharura, uliojaribiwa kwanza huku huku kwetu Kanda ya Ziwa. Mama anatoka damu usiku, zahanati imeshindwa. Inapigwa 115, bure. Anayepokea anauliza maswali, akiona ni dharura anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Hakuna? Anampigia dereva wa jamii aliyeandikishwa, mwenye gari lake la kawaida kabisa, kiti cha nyuma kimeshonwa kwa uzi wa viroba. Dereva habishani bei na mume wa watu saa nane za usiku. Nauli imeshapangwa, anaingiziwa kwenye simu akishamfikisha mgonjwa. Roboti halipo. Ipo namba, ipo orodha ya madereva, yapo malipo yasiyo na longolongo. Aliyewaza hivyo ni mbunifu kuliko sisi sote humu ndani!

Tanzania tulikuwa tunapoteza akina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000 kwa utafiti wa 2015-16. Ule wa 2022 ukaonyesha 104. Sisemi ni gari peke yake. Wakunga wamo, na vituo vya afya vilivyoanza kufanya upasuaji vimo. Lakini mkunga atamsaidiaje ambaye bado yuko njiani?

Najua mtasema, "Mwalimu, haya ni mashindano ya ubunifu, si kikao cha wizara. Mbona Rwanda wana ndege zisizo na rubani?" Wanazo, zinapeleka damu tangu 2016. Kifurushi kinadondoshwa kwa parachuti, na chini yupo mhudumu anayekwenda kukiokota. Na kabla ya ndege kuruka, kuna mtu alikaa akatoa damu. Nani kati yenu amemchora huyo?

Nilitaka nigusie bima ya afya kwa wote, sheria imepita 2023, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Someni wenyewe. Afya ya akili imepata kazi moja tu, shairi, nalo limebandikwa nyuma ya mlango. Majaji, fungeni mlango mlisome.

Na fomu ya mwakani iongezwe mstari mmoja, juu kabisa, kabla ya jina la shule: nauli analipa nani? Asiyejaza, kazi yake isipokelewe. Haya, waiteni washindi.