Mizani Kabla ya Springi: Mhadhara kuhusu Utulivu wa Magari ya Kulala

Wenye magari, madereva na mafundi wenzangu wa Arusha na Moshi, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuboresha springi na shokapu za magari ya kulala, yaani yale magari ambayo mgeni hulala, hupika na huweka akiba yake humo humo kwa siku kumi au zaidi, na namna ya kuyaweka sawa yanapoegeshwa kambini. Nitayagusa yote mawili. Lakini nitaanza na jambo ambalo wengi wenu mmeshanisikia nikilisema, na sioni sababu ya kuacha kulisema, kwa kuwa juma lililopita tu limeingia karakanani kwangu gari jingine lililoongezwa bapa za springi, yaani vile vyuma bapa vinavyolazwa kimoja juu ya kingine, na mtu ambaye hakujua gari lile lina kilo ngapi. Fundi asiguse springi ya gari la kulala kabla gari lenyewe halijapandishwa kwenye mizani, likiwa na maji, mafuta, chakula, vitanda na watu wake ndani, na ekseli zake zikapimwa moja moja.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja anayekodisha magari aliniletea Land Cruiser ya toleo la 78 iliyojengwa kwa kazi hii: paa la kuinuka, kitanda cha watu wawili, jiko la gesi na friji upande wa kulia, na chini ya jiko tangi la maji la lita 80. Aliniambia, "Fundi, wageni wangu wanarudisha gari wakiwa wameshika viuno, na gereji tatu nimeshazilipa." Nikamuuliza, "Mama, gari hili lina uzito gani?" Akafungua mkoba akanitolea kadi ya gari. Namba iliyoandikwa pale ilikuwa uzito wa gari tupu, kama lilivyotoka kiwandani, kabla halijawekewa hata msumari mmoja wa hicho kitanda.

Nikaingia chini. Springi ya nyuma ya kushoto ilikuwa na bapa tisa, ya kulia kumi na moja, na kati yake kulikuwa na bapa nene za milimita 10 zilizochomekwa katikati ya zile za milimita 8. Nikasogeza taa karibu na ncha za bapa, pale ambapo chuma kikisuguana na chuma huacha mstari unaong'aa kama kisu kilichonolewa. Hapakuwa na mstari. Palikuwa na kutu nyekundu na vumbi lililogandana, maana yake ni kwamba zile bapa zilikuwa hazisogei kabisa. Mpira wa kuzuia ekseli isigonge chasisi ulikuwa mzima, haujawahi kuguswa. Shokapu zote mbili za nyuma zilikuwa zimevaa tope jeusi kuanzia kwenye sili hadi chini, kwa sababu mafuta yalikuwa yakivuja na vumbi likinata juu yake. Gari lile lilikuwa limesimama juu ya vipande viwili vya chuma, na kila jiwe la njiani lilikuwa likipita moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo wa abiria.

Tukalijaza kama linavyosafiri, tukalipeleka kwenye mizani ya ghala la nafaka. Ekseli ya mbele ilibeba kilo 1,180, ya nyuma kilo 2,260. Jumla ni kilo 3,440, yaani pungufu ya kilo 60 tu kufikia zile 3,500 ambazo sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu udhibiti wa uzito wa magari inaanzia. Tulipopima upande mmoja mmoja tukakuta upande wa kulia umezidi wa kushoto kwa zaidi ya kilo 200. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini springi ya kulia ilikuwa na bapa mbili zaidi: gari lilikuwa likilalia kulia, na badala ya fundi kuuliza kwa nini linalala, akaliinua kwa chuma.

Sasa naomba madereva mnisikilize kwa makini, maana nyinyi ndio mnaopakia. Nyuma ya mlango wa gari lile palikuwa na bampa nzito ya chuma, matairi mawili ya akiba na madumu mawili ya dizeli, na vyote pamoja vilikuwa kama kilo 170, vikining'inia takribani mita 1.2 nyuma ya ekseli. Umbali kati ya ekseli za gari hilo ni karibu mita 2.98. Ekseli ya nyuma ni kama egemeo la pembea ya watoto: ukikalia ncha moja, ya pili inainuka. Zidisha 170 kwa 1.2, gawanya kwa 2.98, utapata kama kilo 68. Hizo zimeondolewa kwenye ekseli ya mbele na kuongezwa ya nyuma, kwa hiyo mzigo wa kilo 170 umekuwa kilo 238 juu ya springi za nyuma. Dereva akiulizwa, anasema amepakia madumu mawili tu.

Mtu ataniambia, "Fundi, barabara zetu ni mbovu, bila springi ngumu gari halifiki." Nimelijibu hili mara nyingi na leo nalijibu tena. Ubovu unaoumiza zaidi katika njia zetu, hasa ukishapita lango la Loduare la kuingilia Ngorongoro ukaelekea Naabi na Seronera kule Serengeti, si mashimo makubwa, ambayo dereva huyaona na kupunguza mwendo. Ni yale matuta madogo madogo yaliyojipanga kama bati. Mwaka 2007 wanafizikia walionyesha kwa majaribio kwamba mawimbi hayo hujitokeza yenyewe pale gurudumu linapopita juu ya mchanga mkavu kwa kasi inayozidi kiwango fulani, na kwamba hata gurudumu lisilo na springi huyatengeneza. Hatuna basi uwezo wa kuyakwepa kwa kubadili magari. Tunachoweza ni kuyazuia yasifike kwa abiria, na kazi hiyo inahitaji springi inayosogea. Springi ya bapa iliyojaa kutu haisogei hadi nguvu izidi msuguano ulio kati ya bapa, na tuta dogo halina nguvu hiyo, kwa hiyo linapita kama vile springi haipo. Kuifungua, kuisugua hadi iwe safi na kuweka vipande vyembamba vya plastiki ngumu kwenye ncha za bapa ni kazi ya siku moja. Msipake grisi, kwa sababu katika vumbi letu grisi hugeuka msasa.

Mafundi, kuna hesabu mbili ninazotaka mzishike. Ugumu wa bapa huongezeka kwa unene wake ukizidishwa wenyewe mara tatu. Bapa ya milimita 10 si ngumu zaidi ya ile ya milimita 8 kwa robo, kama macho yanavyodhani. Inakaribia kuwa ngumu maradufu. Ukichomeka bapa nene tatu hujaongeza kidogo, umebadilisha gari zima. Hesabu ya pili ni ya kubonyea. Springi ambayo uzito wa gari huibonyeza sentimita 25 hulifanya gari lipande na kushuka mara moja kwa sekunde. Ikibonyea sentimita 11, ni mara moja na nusu. Ikibonyea sentimita 6 tu, ni mara mbili. Mwendo wa mara moja hadi moja na nusu unakaribiana na ule wa mtu anayetembea, na mwili unauvumilia. Kadiri unavyokaribia mitikisiko minne hadi minane kwa sekunde, ndivyo mwili wa mtu aliyeketi unavyoteseka, kwani hapo ndipo tumbo na uti wa mgongo huitikia kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo mteja anaposema anataka gari lake lisibonyee kabisa, mwelezeni kwa heshima kwamba anaomba maumivu.

Najua pia kwamba wapo wenye magari wanaotaka gari liinuke nyuma kwa ajili ya picha. Sitabishana na ladha ya mtu, ila gari lililoinuliwa sentimita tano kwa springi za kubeba tani, kisha likakodishwa kwa watu wawili wenye begi moja, litaruka kama mbuzi, na mwenye gari atalipa bushi, yubolti na mabano ya shokapu kila baada ya tripu.

Gari la yule mama tulilimaliza hivi. Tuliondoa bampa ya chuma tukarudisha ya awali, tukaacha tairi moja la akiba, na madumu yakabaki ofisini, kwa kuwa gari lina matangi mawili ya lita 90 na njia yake ina vituo vya mafuta. Hayo peke yake yaliondoa karibu kilo 190 kwenye ekseli ya nyuma. Tangi la maji tukalihamishia sakafuni, katikati ya ekseli mbili, na betri za ndani zikaenda kushoto. Tukapima tena. Baada ya kupata namba mpya ndipo tulipoagiza springi, zilizo sawa kushoto na kulia, zinazolingana na uzito ule, pamoja na shokapu zinazolingana na springi hizo. Alipotoka Seronera alinipigia simu kunieleza kwamba glasi alizozisahau kabatini zimerudi nzima. Nusu ya kazi ile haikuhitaji kununua kitu.

Muda unanibana, kwa hiyo yanayofuata nitayapitia haraka. Shokapu haibebi mzigo. Springi hubeba, shokapu hutuliza. Kwenye yale matuta ya bati kwa saa tatu mfululizo mafuta yake hupata joto kali na kutoa povu, na dereva huhisi gari limeanza kuelea. Akisimama akaikaribishia mkono atajua mwenyewe kwa joto lake. Shokapu ya mrija mmoja yenye gesi hustahimili joto hilo vizuri zaidi, na inastahili bei yake iwapo springi zimeshawekwa sawa, si kabla. Matairi nayo ni springi ya kwanza ya gari: tumieni jedwali la mtengenezaji kuweka upepo unaolingana na kilo ambazo kila gurudumu linabeba, punguzeni kwenye njia mbovu pamoja na mwendo, na mkirudi kwenye lami mjaze kabla ya kukimbia. Gari lisilo na pampu lisiondoke mjini.

Kuhusu mifuko ya hewa inayowekwa kati ya ekseli na chasisi, sina uadui nayo. Inafaa kwa gari ambalo mzigo wake hubadilika, kwa kuwa unaongeza upepo likijaa na kupunguza likiwa tupu, na kila upande uwe na mrija wake, ili hewa isikimbilie upande mwepesi kwenye kona. Ila mfuko huo hukusanya nguvu mahali pamoja pa chasisi, na gari lenye mkia mrefu uliopakiwa hupinda au kupasuka hapo hapo. Tena hauongezi hata kilo moja kwenye uzito ambao mtengenezaji ameruhusu. Ekseli, bearing za magurudumu na breki ni zile zile.

Nimebakiza kuegesha. Gari lililo sawa likisafiri halitakuwa sawa kambini, kwa kuwa ardhi ndiyo yenye neno, na haya ni mambo mawili tofauti. Friji ya gesi ndiyo inayodai usawa kuliko hata kichwa cha aliyelala. Ilibuniwa Stockholm mwaka 1922 na wanafunzi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, na haina kompresa: amonia iliyogeuka kimiminika hutiririka kwenye mabomba kwa uzito wake tu. Ikiinama, kimiminika husimama, sehemu inayochemka hukauka, na friji huweza kuharibika moja kwa moja. Kwa friji nyingi za aina hii mpaka ni nyuzi 3 kwa upande na 6 kwa mbele na nyuma. Ya kompresa haina masharti hayo, na kwa safari zetu ndiyo ninayoipendekeza.

Wekeni pimamaji ya fundi mwashi kwenye sakafu, kamwe si juu ya kabati. Kwa gari lenye mita 1.6 kati ya gurudumu la kulia na la kushoto, kila nyuzi moja ni kama milimita 28, hivyo ubao wa sentimita nane na nusu chini ya gurudumu unatosha kuondoa nyuzi 3. Pandisheni gari juu ya ubao kwa injini, polepole, msiliinue kwa jeki za pembeni, ambazo kazi yake ni kuzuia mtikisiko wa wanaotembea ndani. Msitumie mawe, na kwenye udongo mweusi wekeni ubao mpana chini ya kila jeki. Handibreki ikishavutwa, kabari mbele na nyuma ya gurudumu lililobaki chini. Mlango wa kabati ukianza kukataa kufunga, chasisi imejipinda. Shusheni, mtafute mahali pengine hatua kumi mbele.

Maswali nitayapokea nje. Magari manne yameshajazwa maji na mafuta, na mizani ya ghala la hapo nyuma ni yetu hadi saa kumi. Kila dereva aandike kwanza kwenye karatasi kilo anazodhani gari lake linabeba mbele na nyuma, anikabidhi, ndipo apande.