Kibiongo Si Jina la Ugonjwa

Asanteni. Nimepewa nusu saa, na ninajua tayari itaishia wapi, kwa hiyo waliokuja kusikia habari za M43 naomba wanisamehe mapema.

Misimbo ya M40 hadi M43 ya ICD-10, toleo la 10 la orodha ya kimataifa ya magonjwa tunayotumia kuandika kila ugonjwa kwa herufi na namba, mnaijua, mmeibandika ukutani ofisini kwenu. Kibiongo, mgongo uliopinda ubavu, pingili iliyoteleza. Sirudii. Nina neno moja, na wengine hapa mmeshanisikia nikilisema: daktari akiandika "kibiongo" hajakutajia ugonjwa. Amekutajia umbo analoliona. Kuna kitu kilichoukunja mgongo ule, na hicho ndicho cha kutafuta kwanza.

Nilipoanza kazi, kwenye chumba cha kumbukumbu cha hospitali moja ya wilaya, lilinifikia jalada la mtoto wa kiume wa miaka 9. Juu limeandikwa kifosisi, yaani kibiongo kwa lugha ya kitaalamu, basi. Nikaandika M40.2, kibiongo kisichotajwa aina. Kwenye ile tarakimu ya mwisho, ya kuonyesha ni sehemu gani ya uti wa mgongo, nikaweka 9, yaani haikutajwa. Hata dakika haikuisha. Majalada mengine yalikuwa yamerundikana hadi dirishani.

Miezi minne baadaye mama yake alimrudisha akiwa amembeba mgongoni. Mtoto wa miaka 9, miguu inaning'inia na kugonga magoti ya mama kila akipiga hatua. Alikuwa hawezi tena kusimama. Daktari wa zamu akaomba jalada la zamani, nikampelekea mwenyewe. Hakusema kitu. Alifungua ukurasa wa tatu, akauweka mezani, akaugeuzia kwangu. Ripoti ya eksirei: pingili ya 9 na ya 10 za kifuani zimelika upande wa mbele na kubonyea, pembeni kuna kivuli cha usaha. Ukurasa wa pili, kwa mwandiko wa muuguzi: homa za jioni, anakonda, analala chumba kimoja na babu anayekohoa. Yote yalikuwemo. Mimi nilisoma jalada kwa juu.

Kile kilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Vimelea hula pingili kwa mbele, nyuma inabaki, basi mgongo unakunjika kwa kona kali. Pitisha kidole, utakuta nundu moja iliyochongoka. Kijana mwenye ugonjwa wa Scheuermann, ule wa M42.0, mgongo wake unapinda kwa mviringo, hauna kona. Daktari mpasuaji Percivall Pott alieleza nundu ile na kupooza kwa miguu mwaka 1779 kule London, zaidi ya miaka 100 kabla Robert Koch hajamtangaza mdudu mwenyewe mwaka 1882. Si jambo geni hili!

Sasa msimbo wake. Ni A18.0 yenye alama ya msalaba, ikifuatiwa na M49.0 yenye kinyota. Msalaba ni ugonjwa wenyewe, kinyota ni mahali ulipojitokeza, na kinyota hakisimami peke yake hata siku moja. Na tazameni: M49 haimo kabisa kwenye M40 hadi M43. Anayefungua kurasa zile alizozibandika ukutani hatauona ugonjwa huu mpaka astaafu.

Najua mnachotaka kusema. Msimbo hautibu mtu. Kweli, hautibu. Lakini mwisho wa mwaka ule nilijumlisha wagonjwa wetu waliolazwa, na kifua kikuu cha mgongo kilisomeka sifuri. Sifuri! Hospitali inayosomeka sifuri itamwombea nani vipimo? Itamtuma nani kwenye ile nyumba kumpima babu, na wadogo wa yule mtoto?

Mwingine atasema, sisi watu wa kumbukumbu si madaktari, hatuwezi kubuni ugonjwa. Hapo nakubaliana naye kabisa. Usibuni. Ukikuta eksirei inasema pingili zimelika na juu pameandikwa kibiongo tu, chukua jalada, mfuate daktari, muulize aandike alichokigundua. Akikufokea, simama hapo hapo. Na ninyi madaktari mliokaa nyuma, msiwafokee. Neno moja mnaloandika kwa haraka saa nane mchana ndilo linaloingia kwenye hesabu za nchi.

Muda unakwenda. Bibi aliyeinama taratibu kwa miaka, mifupa yake imekuwa dhaifu na pingili zimevunjika zenyewe: angalia M80 kabla hujakimbilia M40. Mgongo uliopinda ubavu, M41: uliza umri ulipoanza. Mtoto mchanga ni .0, mkubwa kidogo ni .1, mwenye mtindio wa ubongo au polio ni .4. Aliyezaliwa na pingili zenye kasoro anatoka kabisa kwenye M, anakwenda Q76.3. Na pembe ya Cobb, yaani kipimo cha mpindo kwenye eksirei, isipofika nyuzi 10, huo hauitwi mgongo uliopinda. Mwenye kibiongo na mpindo wa ubavu kwa pamoja anahesabiwa M41, si M40. Hilo mnakosea kila mwezi.

Toleo la 11 la orodha hii, ICD-11, limeanza kutumika tangu Januari 1, 2022, na mtaniuliza kama litatuondolea shida hii. Lile linaruhusu kuunganisha misimbo kadhaa kwa mgonjwa mmoja, ni zuri. Lakini ukilijaza kwa kusoma juu ya jalada tu, utaunganisha nini?

M43 nimeiacha, niliwaambia. Kila meza ina majalada matano, majina yamefutwa. Msiandike msimbo wowote kwanza. Fungueni la juu, ukurasa wa tatu. Meza ya dirishani, nisomeeni eksirei inasemaje.