Nguzo ya Uhuru ya Copenhagen na mfalme aliyepewa mamlaka yote

Wapendwa watazamaji, hamjambo huko nyumbani. Leo nimesimama Vesterbro, jijini Copenhagen, karibu kabisa na stesheni kuu ya treni, na nguzo hii ndefu ya mawe iliyo nyuma yangu ndiyo Wadenishi wanayoiita Nguzo ya Uhuru. Wasafiri wanaipita na masanduku yao bila kuitazama, nami naomba tuisome pamoja.

Wafalme wengi wa Ulaya walidai kwamba enzi yao imetoka kwa Mungu, lakini Denmark iliiandika enzi hiyo ikawa sheria kuu ya nchi. Mwaka 1660, vita na Sweden vilipokuwa vimeifilisi hazina, makasisi na wafanyabiashara wa mijini waliungana dhidi ya makabaila, na Frederik III akakabidhiwa mamlaka yote. Sheria ya Mfalme ya mwaka 1665 ilitamka kwamba mfalme yu juu ya sheria zote za wanadamu na kwamba hana hakimu ila Mungu. Wananchi waliotawaliwa kwayo hawakuiona ikichapishwa hadi mwaka 1709.

Hata hivyo, kwa mkulima wa karne ya 18 mfalme alikuwa jina la kuombewa kanisani. Aliyemwona kila wiki ni kabaila, ambaye ardhi ilikuwa yake na ambaye shamba lake lilimdai mkulima siku za kazi bila ujira. Bei ya nafaka iliposhuka na vijana wakaanza kuhama, makabaila walimlilia Christian VI, naye alikuwa anahitaji askari wa akiba kutoka vijijini. Haja hizo mbili zikakutana, na mwaka 1733 ikatoka amri kwamba mwanamume wa miaka 14 hadi 36 asiondoke katika milki ya kabaila alikozaliwa bila kibali. Mwaka 1742 umri huo ukawa miaka 9 hadi 40, na mwaka 1764 ukashushwa hadi miaka 4. Miaka minne, ndugu zangu! Ni mtoto ambaye kwetu ndiyo kwanza anapelekwa chekechea, na tayari ameandikiwa mahali atakapozeekea. Kwa kuwa kabaila ndiye aliyechagua nani aende jeshini, kijana aliyekataa kupangishwa shamba lililochakaa aliweza kujikuta amevaa sare. Jambo hili linaniumiza kila ninapolisimulia.

Mwaka 1766 mamlaka hayo yote yalimwangukia Christian VII, kijana wa miaka 16 ambaye akili yake ilikuwa inaugua. Sheria haikuwa imeweka yeyote wa kumsaidia wala wa kumzuia, kwa hiyo aliyeongoza mkono wake wa kutia saini ndiye aliyetawala. Wa kwanza kulitumia pengo hilo kikamilifu alikuwa daktari wake Mjerumani, Johann Friedrich Struensee, aliyefuta udhibiti wa vitabu na magazeti mwaka 1770, akatoa mamia kwa mamia ya amri, na kufikia Julai 1771 saini yake ikawa na nguvu sawa na ya mfalme. Mimi naamini nia yake ilikuwa njema katika mengi, ila alitawala kwa mlango uleule wa siri. Januari 1772 alikamatwa usiku baada ya dansi ya vinyago, na Aprili akakatwa kichwa.

Mrithi wa kiti, Frederik, naye alipitia mlango huo. Mwaka 1784, akiwa na miaka 16, aliingia katika baraza la serikali na karatasi, baba yake akaitia saini, na wazee waliokuwa wakitawala wakaondolewa. Tarehe 20 Juni 1788 serikali yake ikakifuta kifungo cha wakulima, yaani ile amri ya kutohama: waliokuwa chini ya miaka 14 au zaidi ya 36 waliachiwa mara moja, na wengine wakasubiri hadi mwaka 1800.

Jiwe la msingi la nguzo hii, inayoadhimisha uhuru huo, liliwekwa na Frederik mwenyewe mwaka 1792, wakati baba yake angali hai na angali mfalme. Sogeeni karibu na kamera muone maneno yaliyochongwa, kwa maana yanaanza hivi: “Mfalme aliamuru.”