Punda wa Nyumba Haazimwi kwa Neno Moja

Wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka kazini, assalamu alaykum.

Jambo hili nimelisema barazani, nimelisema hata kwenye arusi, na madhali leo nimepewa ukumbi hapa Lamu, nitalisema tena. Mtu anayemwazima jamaa yake punda wa nyumba, au nyumba mbili zinazotaka kushirikiana punda mmoja, wakae kwanza waandike. Ukurasa mmoja unatosha.

Najua mtakalonijibu: sisi ni ndugu, na kuandikiana ni kutoaminiana. Hilo nalikataa kabisa. Aya ndefu katika Suratul Baqara inawaamrisha waumini waandikiane deni na waweke mashahidi, na waumini ndio watu wa kuaminiana. Tena kuazimana si aibu. Usiku ule watu wa Madina waliposhtushwa na sauti, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliazima farasi wa Abu Talha aitwaye Mandub, akatoka kuangalia, kisha akarudi akimsifu kwamba mwendo wake ni kama bahari. Kazi ilijulikana, safari ilijulikana, na mwenye farasi alimjua aliyempanda. Mimi nilipomwazima mtu punda wangu, katika hayo matatu sikujua hata moja.

Jamaa yangu wa karibu alinijia baada ya magharibi kumtaka punda wetu jike kwa wiki moja, kwa sababu alikuwa anajenga. Nilimwambia, "Mchukue." Neno hilo ndilo lililokuwa mkataba wetu wote. Yeye ni mtu mwema, na sijambadilishia moyo hadi leo. Lakini siku ya tatu alimkabidhi fundi, na fundi akamkabidhi kijana wa kubeba mchanga, ambaye hakupewa soji ya kumwekea mgongoni, basi akatandika gunia tupu lililokunjwa na juu yake akatupia shogi, yule mfuko wa mizigo wa pande mbili, lililojaa. Siku ya saba punda alirudi nyumbani na kidonda cha upana wa kiganja pale shingo inapoungana na mgongo, nyama iko wazi, inzi wamejaa.

Hata hivyo, kidonda sicho kilichomuua. Punda yule alikuwa na mwenzake, dume mzee, na mchana kutwa walisimama shingo juu ya shingo kwenye kivuli cha ukuta wetu. Alipotengwa naye katika ua wa kigeni, aliacha kula. Ninawaomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu wengi wetu tunafuga punda maisha yetu yote bila kulijua jambo hili. Punda anapokosa kula kwa siku chache, mwili huanza kuyatoa mafuta yake wenyewe na kuyamwaga katika damu mpaka ini linashindwa. Naye haonyeshi maumivu kama mbuzi anayelia. Hunyamaza, husimama, na asiyemjua humwona ametulia. Pale ujenzini walimsifu kwa utulivu wake. Daktari wa punda alipomtoa damu, aliiacha itulie katika kichupa, kisha akaniinulia nitazame kwenye mwanga: juu ya damu palikuwa na weupe mzito kama tui la kwanza. Alikufa kabla ya alfajiri ya siku ya pili, na dume yule alilia siku kadhaa.

Basi nani alipe? Katika madhehebu yetu ya Shafi, aliyeazima hudhamini kilichoharibika, isipokuwa kile kilichoharibika kwa matumizi aliyoruhusiwa. Wala hana ruhusa ya kumwazima mtu wa tatu bila idhini ya mwenye mali. Sasa mimi niliruhusu matumizi gani? Sikusema mifuko mingapi ya saruji, na kila mfuko una kilo 50. Sikusema saa ngapi apumzike, wala kwamba mwenzake aende naye. Sikupata mlango wa kudai, na jamaa yangu hakupata mlango wa kujitetea. Tulikaa miezi tukikwepana njiani.

Kwa hiyo andikeni kazi yenyewe, uzito wa juu kabisa, saa za maji na kivuli, mahali pa kulala, na jina la kila mtu atakayeshika kamba yake. Andikeni kwamba asipokula siku moja apelekwe kutibiwa siku hiyohiyo, bila kungoja idhini yangu. Zahanati ya The Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, iko kisiwani tangu 1987, hatuna udhuru. Wala msiseme punda si kitu cha kupelekana mbele ya sheria, kwani Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inataja kumbebesha mnyama kupita kiasi, na inamgusa pia mwenye mnyama anayeliruhusu hilo litendeke.

Wanaowaazima vijana punda wa mashindano ya Maulidi nao wamo humuhumu: andikeni nani ampande, na siku ngapi za mazoezi. Nyumba mbili zinazoshirikiana mmoja zigawane siku, na pia zigawane gharama ya kwato na dawa ya minyoo, kwa sababu mara nyingi siku hugawanywa na gharama husahauliwa. Kuhusu wizi, Umoja wa Afrika ulipiga marufuku biashara ya ngozi za punda mwezi Februari 2024 kwa muda wa miaka 15, lakini mwizi hasomi maazimio, kwa hiyo aliyeazima na amfunge usiku ndani ya ua.

Kulikuwa na suala la punda wenye mimba. Muda umekwisha, na jibu langu ni fupi: msiwaazime. Nimeacha nakala za karatasi ya makubaliano kwenye meza ya mlangoni. Nafasi ya kumwandika punda mwenzake iko mstari wa pili. Tafadhali msiiache wazi.